Posho ya Mtoto: Kazi za Nyumba na Akili ya Feza

Katika Kiswahili chetu cha Congo siku ya sita tunaiita siku ya posho. Wenzetu wa pwani na wa Tanzania wanasema Jumamosi, sisi tunasema siku ya posho, na wengi hatujiulizi tena sababu. Wazee wanaikumbuka. Wakati wa ukoloni, makampuni ya migodi na mashamba makubwa yalikuwa yakiwagawia wafanyakazi chakula kila juma: unga, maharagi, chumvi, pengine samaki mkavu. Ile ndiyo ilikuwa posho. Mtu alifanya kazi siku zote, na siku ya mwisho alikuja na kikapu. Kisha makampuni yalikwenda, mashamba yakaota majani, lakini jina la siku likabaki kwetu.

Ninaanza na neno hili kwa sababu nimeombwa niandike juu ya namna tunavyowafundisha watoto wetu kazi na feza, na nyumbani kwangu jambo hili linafanyika siku ya posho, saa kumi na mbili ya jioni, mbele ya meza yenye kaye moja na kibweta tatu za mbao. Nitaeleza namna tulivyofika kwenye meza ile. Nitaeleza pia kosa langu mwenyewe, maana mwalimu anayeficha kosa lake hafundishi kitu.

Mimi nilizaliwa mwaka 1971. Nililelewa hapa Goma, lakini mama yangu ni mtu wa milima ya Lubero, na alituletea desturi ya kwao. Mtoto aliyeanza kushika akili, yaani miaka sita au saba, alipewa simbilisi wawili, dume na jike. Wengine kusini wanawaita dende. Ni wanyama wadogo, wanakaa jikoni chini, wanakula majani, maganda ya ndizi na matembele. Hawaombi feza ya chakula, wanaomba miguu ya mtoto tu: kila siku ukitoka masomoni, unapitia kando ya njia unakata majani. Usipokata, asubuhi utawasikia wanalia, na mama hatawapa kitu. Atakuambia: «Wale si wangu.»

Jike anabeba mimba karibu miezi miwili na kidogo, anazaa wawili, watatu, pengine wanne. Mtoto mwenye bidii, mwaka unapokwisha, ana simbilisi wa kuuza. Akiuza kadhaa ananunua kuku. Kuku wakizaa na tauni isipowamaliza, ananunua mbuzi. Mimi sikufika kwenye mbuzi. Nilifika kwenye kuku wawili, mmoja akaliwa na mbwa. Lakini kabla sijajua kuandika neno «faida», nilikuwa nimekwisha kujua kwamba ukimla jike mwenye mimba umekula na watoto wake.

Kazi za nyumba zilikuwa kitu kingine. Kuteka maji ziwani, kufagia uwanja, kuosha masahani, kutwanga sombe, kubeba mdogo mgongoni: hizo hazikuwa na bei. Hakuna aliyefikiri kuzilipa. Ulikuwa unakula kwenye sahani ile, kwa hiyo ulikuwa unaiosha.

Baba alikuwa fundi wa kushona. Yeye alitufundisha sehemu nyingine ya feza, bila kutaka. Siku ya Noeli ya mwaka 1979 ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina kazi tena. Watu walipewa siku chache tu za kubadilisha, na kiasi cha kubadilisha kilikuwa na mpaka. Baba alikuwa na kibweta cha bati chini ya kitanda, na ndani noti nyingi zilikuwa hizo. Sehemu ndogo ilibadilishwa. Iliyobaki alitupa sisi watoto tucheze nayo butiki. Nilikuwa na miaka minane, nilifurahi sana. Sikuelewa kwa nini mama alikuwa analia.

Tangu siku ile baba hakuweka tena feza nyingi. Akipata kazi kubwa, ananunua bati, misumari, kitambaa. Alisema feza ni mgeni, mpe chakula haraka kabla hajaaga. Na miaka iliyofuata ilimpa haki. Mwisho wa mwaka 1992 ilitoka noti ya zaire milioni 5, na biashara nyingi zikaikataa. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Congo, moja kwa zaire mpya 100 000. Mwanzoni noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya franka 100. Leo noti kubwa ni ya 20 000, na ile 100 mtoto haimfikishi mbali. Mzazi wa kwetu anayemwambia mtoto «weka feza, kesho itakusaidia», lazima ajue kwamba anasema neno zito. Mzee wa Ulaya anaweza kulisema kirahisi. Sisi tumeona feza ikifa kitandani.

Mama alikuwa na njia yake: likirimba. Aliuza maharagi sokoni, na walikuwa wanawake kumi na wawili. Kila juma kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mmoja anapokea yote. Juma linalofuata mwingine, mpaka zamu inazunguka. Hakuna karatasi, hakuna kufuli. Kuna uso wa mwenzako tu, ambao utauona kesho sokoni.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, na lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Nyumba ya wazazi ilikuwa katika njia yake. Tulikimbilia Gisenyi na godoro moja na sufuria. Kibweta cha baba kiliungua, pamoja na cherehani. Lakini juma la tatu, mawe yakiwa bado ya moto, wale wanawake walikutana. Wengine walikuwa wamepoteza kila kitu. Walipatana kila mmoja atoe nusu ya kiasi cha zamani, na wale waliokwisha kupokea zamu yao wakaendelea kulipa, ingawa hakuna ambaye angeweza kuwashitaki. Kwa zamu yake mama alinunua bati za kwanza za nyumba mpya. Alituambia: «Ile iliyokuwa ndani ya bati imeungua. Ile iliyokuwa ndani ya watu haikuungua.»

Sasa nifike kwangu. Nimejaliwa watoto watatu: kijana, binti, na kitinda mimba ambaye ni kijana pia. Mkubwa alipofika miaka kumi nilisoma katika kitabu kimoja cha malezi kwamba mtoto alipwe kwa kila kazi ya nyumba, ili ajue kwamba feza inatoka katika jasho. Nikapenda shauri lile. Nikabandika karatasi ukutani: kuosha masahani, franka 200, kufagia uwanja, 200, bidoni moja ya maji ya litra 20 kutoka robine, 300. Mke wangu alitazama karatasi, akacheka, akarudi jikoni.

Miezi miwili ilikwenda vizuri sana. Uwanja ulifagiliwa hata mara mbili kwa siku, mpaka nikalazimika kusema mara moja inatosha. Kisha mama yangu alikuja kutulalia juma moja. Jioni ya kwanza, miguu imemvimba kwa safari, alimwambia mjukuu wake mkubwa: «Mjukuu wangu, uniletee maji kidogo ya kuosha miguu.» Na yule kijana, bila ubaya wowote, akauliza: «Koko, utanipa ngapi?»

Nyumba ilinyamaza. Mama hakumjibu mtoto. Alinitazama mimi. Akasema: «Wewe mwalimu, wakati ulikuwa mtoto, nani alikulipaka juu ya maji?» Halafu akaamka mwenyewe, akachukua beseni. Nilimkimbilia kulishika, akakataa. Usiku ule nilibandua karatasi ukutani.

Siku zile mama alitupa shauri ambalo mimi na mke wangu tuliligeuza kuwa sheria ya nyumba. Alisema tumechanganya vitu vitatu ambavyo wazee waliviweka mbalimbali. Kwanza, kuna kazi ya jamaa. Hiyo hailipwi hata siku moja, kwa sababu si ya mtu, ni ya wote. Watoto waliipa jina la salongo, kwa mzaha, kama zile kazi za lazima za wakati wa Mobutu. Tukaliacha jina, maana hata mimi naosha masahani siku ya salongo. Pili, kuna posho. Mtoto anaipata kila juma kwa sababu ni mtoto wa nyumba, si kwa sababu amefagia. Ni ndogo: mkubwa franka 1000, wa mwisho 500. Ni ya kujifunza kushika, kupoteza, kukosa na kungoja. Akiimaliza siku ya kwanza kwa bomboni, hapati nyingine mpaka siku ya posho. Tatu, kuna kazi ya ziada, ile ambayo ningemwita mtu wa nje na kumlipa: kuosha moto yangu, kupanga kuni, kupasua mawe ya lava kwa ukuta. Hiyo ina bei, na bei tunapatana kabla.

Tulifikiri tumemaliza. Lakini mwaka haujaisha, binti yetu alileta kaye kwenye meza. Alikuwa ameandika hesabu za majuma manane. Kaka yake alikuwa amepata kazi ya ziada mara kumi na moja, mdogo wake mara nne, yeye mara moja. Akauliza: «Papa, kuosha moto ni kazi ya ziada, lakini kutwanga sombe ni salongo. Ni nani aliamua?» Mke wangu alicheka tena, lakini safari hii alikuwa ananicheka mimi. Ilikuwa kweli. Bila kufikiri tulikuwa tumeweka kazi za vijana katika feza na kazi za wabinti katika heshima. Wabinti wengi wa mji huu wanakua hivyo: wanatwanga, wanabeba, wanapika, na siku ya kuhesabu hakuna aliyeandika. Tuligeuza. Sombe na masahani zikawa zamu ya wote watatu, na kuosha moto ikawa zamu vilevile. Kijana wangu mkubwa alitwanga sombe ukuta ukimficha na jirani, miezi miwili. Sasa anatwanga mlangoni.

Kila mtoto alipata kibweta chake cha mbao na kufuli, na ufunguo anaushika mwenyewe. Sheria ilikuwa moja: mtu asifungue kibweta cha mwingine, hata baba. Mke wangu yuko katika AVEC, vile vyama vya kuweka na kukopeshana ambavyo mtindo wake ulianzia Niger mwaka 1991 na umeenea mpaka kwetu. Kule sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu. Watoto walitaka yao ifanane. Tena tuliwapa simbilisi, kama kwa bibi yao. Binti ndiye aliyewatunza kweli. Mwisho wa mwaka 2024, kwa posho, kazi ya ziada na simbilisi aliouza, alikuwa na franka 64 000. Alitaka kununua kitambaa na uzi, ajifunze kushona kama babu yake.

Kisha ikaja Januari 2025. Wasomaji wa Goma hawahitaji kuelezwa. Mwisho wa mwezi ule vita viliingia mjini, tukalala chini siku kadhaa, umeme ulikatika, maji yalikatika, watu wakashuka ziwani na bidoni chini ya risasi. Benki zilifunga milango, na miezi ikapita bila kufungua. Mshahara wangu unapitia benki. Hata aliyekuwa na kitu kwenye simu, kukitoa kulikuwa shida, kwa sababu noti zilikosekana na anayetoa alikatwa sana. Nyumbani unga ulikuwa unakwisha, makala yamekwisha.

Nilimwita binti pembeni. Nilimwambia: «Mama, baba yako anakopa. Mwisho wa mwezi nitakurudishia.» Alikuwa na miaka kumi na tatu. Aliniletea ufunguo mara moja, kwa mikono miwili. Nilichukua 60 000. Tulikula unga ule na maharagi majuma mawili na zaidi. Ninasema nilimwomba, lakini tuseme ukweli: mtoto wa miaka kumi na tatu, risasi zikilia nje, angemjibu baba yake nini?

Mwisho wa mwezi ulipita. Februari ikapita. Machi nikapata kitu kidogo, posho ikarudi mezani, lakini deni sikuligusa. Nilijiambia ni mtoto, anakula kwangu, nimemsomesha, deni gani tena kati ya baba na binti yake? Naye hakuniuliza hata mara moja. Nikadhani amesahau.

Siku moja nikaona kwamba kila siku ya posho anakwenda moja kwa moja butiki. Mandazi, bomboni, biskuti. Jioni hakuna kitu. Yule aliyekuwa mwekaji kuliko wote! Nilimkemea mbele ya wenzake. Nikamwambia anapoteza, amesahau yote tuliyomfundisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini: «Papa, ile naweka inapoteaka. Ile nakula, najua nimeikula.»

Sikulala vizuri. Nilimkumbuka baba na noti zake za mwaka 1979. Serikali ya Mobutu ilikuwa imemfundisha fundi yule kutoweka tena, na mimi nilikuwa nimefanya kazi ileile ndani ya nyumba yangu, kwa mtoto mmoja, bila tangazo. Nilikumbuka pia wale wanawake kumi na wawili juu ya lava. Wao walikuwa na sababu kubwa kuliko yangu ya kutolipa, na walilipa.

Mwisho wa Aprili, siku ya posho, nilikaa mezani nikaomba kaye. Niliandika mbele ya wote: Papa anadaiwa 60 000. Nikatoa 5000 ya kwanza. Binti alihesabu, akaandika, akaniomba nitie sahihi. Kisha akauliza: «Na faida? Mama analipaka faida ku AVEC.» Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini alikuwa anangoja jibu. Tukapatana: simbilisi mmoja jike. Kila siku ya posho nilileta 5000. Majuma mawili hatukununua nyama ili nisikose. Katikati ya Julai niliweka ya kumi na mbili, na jike nikampeleka mwenyewe kwenye kikapu, tayari ana mimba. Juma lililofuata alipita karibu na butiki asiingie. Nilimwona kwa dirisha. Sikusema kitu.

Ndugu wazazi, kuna watu wanaogopa kwamba kumpa mtoto kazi ni kumtesa. Sheria ya Januari 2009 ya kulinda mtoto katika nchi yetu inakataza kumtumikisha mtoto kwa faida ya wengine, na ni haki kabisa. Tunawaona wale wanaosukuma chukudu yenye mzigo kuliko miili yao saa ya masomo. Kufagia uwanja wako baada ya masomo si utumwa ule. Tofauti mtoto mwenyewe anaijua: hapa anafanya kazi na wote, anakula na wote, na kilicho chake kinaheshimiwa.

Hilo la mwisho ndilo nililojifunza kwa bei kubwa. Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na tunafikiri malezi ni maneno. Mimi nilihubiri kuweka feza miaka minne, na miezi mitatu ya kutolipa ikafuta yote. Basi mkilazimika kukopa kwenye kibweta cha mtoto, na katika mji huu siku hiyo inaweza kurudi, andikeni deni siku ileile, mtoto akiona. Na mlipe. Hata kidogo kidogo, hata kwa 500, lakini siku mliyosema.

Kaye yetu sasa ina ukurasa wangu, baada ya kurasa za watoto. Kila siku ya posho binti anaufungua kwanza, anausoma kwa sauti: «Papa: hakuna deni.» Halafu tunaanza.